Sikio la Injini

Siku ile mjinga alikuwa Chiriku, na hilo tulimalize mapema lisije likatusumbua mbele. Wala hakuwa mjinga wa kutojua. Mjinga wa kutojua unamfundisha, kesho anajua, mambo yameisha. Yeye alikuwa mjinga wa kujua mno, na ugonjwa huo hauna duka la dawa.

Kazi yake ilikuwa kusemezana na kompyuta za magari. Mtu akiibadilisha injini, akaipa turbo kubwa, nozeli kubwa za petroli na ekzosi pana, ile kompyuta iliyojificha chini ya dashibodi haipewi taarifa. Inaendelea kuamini inalea injini ileile ya zamani, inaipimia petroli ya kikombe wakati mwenzake sasa anataka ndoo. Hapo ndipo Chiriku anaitwa. Anachomeka waya, anafungua laptopu, anaiandikia upya: petroli kiasi gani, cheche iruke lini, turbo isukume hewa kwa nguvu gani. Jina walimpa mafundi wenzake kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Alimtania mteja, akaitania injini, na karakana ikiwa tupu alijitania mwenyewe. Dunia ilikuwa imeshamtandika vya kutosha: amefukuzwa kazi huku na kule, karakana yake ya kwanza iliungua ikabaki mlango tu, na kila alipoanguka aliinuka na mzaha mpya. Watu walikwisha kuzoea kwamba Chiriku akinyamaza, ujue kuna kitu kimevunjika.

Gari lililokuwa juu ya rola zake za kupimia injini asubuhi hiyo lilikuwa la dada yake mkubwa, mwalimu wa udereva. Mwaka mzima mwanamke huyu hukaa kiti cha abiria akiwafundisha watu kuachia klachi polepole kama wanaomshusha mtoto aliyelala. Lakini mara moja kwa mwaka huvaa kofia ngumu na kushindana kupanda mlima. Mnaondoka mmoja mmoja kutoka darajani, kona kwa kona, na saa inasimama ukivuka mstari kule juu. Mwaka uliopita injini yake ilikufa kwenye kona ya mwisho, mstari anauona kwa macho yake, watu wamejaa ukingoni. Alishushwa akivutwa na trekta, pua mbele, mwendo wa jongoo, na kila kona walimpungia mikono kwa kejeli. Tangu siku hiyo alikuwa akiunda injini nyingine, kipande baada ya kipande, kila akipata nafasi. Ndiyo hiyo sasa. Ya akiba hakuna. Na mlima ni kesho.

"Shemeji, mngurumo huo!" alipiga kelele mume wa dada yake, muuza matairi, mwanamume mpana mwenye moyo mweupe na sauti ya mnada. "Hilo si gari tena, ni simba!"

"Simba gani anafungwa minyororo minne?" Chiriku alimjibu bila kuondoa macho kwenye laptopu. "Huyu kafungwa kama mgeni anayetaka kuondoka na vijiko."

Magurudumu yalizunguka juu ya rola bila gari kwenda popote, na feni yenye kimo cha mtu ililipuliza usoni. Bampa la mbele lilikuwa limevuliwa, kwa hiyo kipozeo kilionekana wazi. Kipozeo ni kama rejeta ndogo inayokaa mbele kabisa. Hewa hutoka kwenye turbo ikiwa imechemka, hupita humo ikapoa, ndipo iingie kwenye injini. Kwa upepo wa feni ile, siku hiyo ilipoa mpaka raha.

Sikio nalo lilikuwa kimya. Ubavuni mwa injini hufungwa kisensa kidogo, ukubwa wa kizibo cha chupa, na mafundi hukiita hivyo, sikio. Kinasikiliza jambo moja tu: kama petroli inalipuka ndani kabla ya wakati wake. Ikilipuka hivyo injini inagonga, tiki-tiki-tiki, na kugonga huko hula pistoni kama mchwa anavyokula mlango. Sikio likisikia, linaiambia kompyuta, kompyuta inachelewesha cheche, injini inapumua. Asubuhi nzima halikulalamika hata mara moja.

"Kazi imekwisha," alisema Chiriku akizima feni. "Ikigoma kesho, nikateni ulimi."

"Tutapata amani kidogo," alisema shemeji yake. "Haya, nenda kanywe chai. Bampa nalifunga mimi."

Chiriku akaenda. Aliporudi na kikombe mkononi, bampa lilikuwa limekaa mahali pake, na mdomoni mwa gari, pale penye uwazi mpana wa kuvutia upepo, palikuwa na ubao. Ubao mzuri, umepakwa rangi ya manjano, wenye jina la duka la matairi na picha ya mwenye duka akitabasamu, amekumbatia tairi kifuani.

Chiriku alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

"Shemeji! Hilo tairi umelizaa lini? Na mbona limefanana na upande wa mama?"

"Cheka wee. Kesho mlima mzima utanijua."

"Mlima utakujua, na tairi litadai matunzo!"

Alizunguka ubao ule, akaupiga kofi la utani, akairudishia picha tabasamu lake. Alikuwa na utani wa kumtosha mtu na ukoo wake. Swali moja tu la kazi, la kuuliza upepo sasa utapita wapi, halikumjia kabisa.

Dada mtu alifika mchana, miguu imejaa vumbi, kutoka kwa mwanafunzi aliyeparamia ukingo wa barabara. Hakuutazama ubao sana. Alimtazama mumewe, akatikisa kichwa, akaingia kwenye gari.

"Mzima huyu?" aliuliza akishika usukani.

"Mzima? Dada, kesho ukifika juu itabidi usubiri kivuli chako kikufuate."

"Mimi nimeuliza kama ni mzima."

"Mzima wa afya. Twende barabarani tukalithibitishe."

Chiriku akakaa kando yake, laptopu mapajani, waya umepita chini ya dashibodi. Shemeji mtu akafuata nyuma na pikapu yake, sanduku la zana likirukaruka.

Barabara ya kujaribia ilianzia nyuma ya maghala, ikanyooka kidogo, kisha ikapanda kuelekea machimbo ya kokoto. Ukitoa malori mawili matatu, haikuwa na mtu. Walipofika pale inaponyooka, dada akaingiza gia ya tatu, akakanyaga. Gari likavuta pumzi, likaruka. Migongo yao ikagandamana na viti. Pembezoni mwa kioo cha laptopu taa ndogo nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka.

Dada akaachia.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Kama kokoto ndani ya mkebe. Kwa mbali."

Chiriku alikuwa ameiona taa. Sikio lilikuwa limepeleka malalamiko. Akaitazama taa kama mzee anavyomtazama mtoto anayedai kuona jini.

"Ni mipira, dada. Mlitoa ile mipira laini ya kushikilia injini mkaweka migumu, si ndiyo? Injini ikishikwa kigumu, kila kitu kinatetemeka na sikio linaota ndoto mchana. Fundi yeyote atakwambia."

Na kweli, fundi yeyote angesema hivyo. Jambo hilo lipo, limewasumbua wengi, na dawa yake inajulikana: unaiambia kompyuta isilisadiki sana sikio. Ndiyo maana kosa lile lilikuwa tamu. Mtu asiye fundi asingeweza kulifanya.

"Mbona kwenye rola halikuota?" aliuliza dada.

"Rola ni rola. Barabara ina mashimo. Wewe mwalimu wa klachi, dada, mimi mwalimu wa kompyuta. Kila mtu na darasa lake."

"Nauliza tu."

"Na mimi najibu tu."

Akabofya hapa na pale, akalishusha sikio usikivu mpaka likawa la kutaka kupigiwa tarumbeta.

"Jaribu sasa."

Akajaribu. Taa haikuwaka. Chiriku akamgeuzia dada yake laptopu kwa madaha, mstari wa kipimo cha petroli umejichora katikati ya kioo, umenyooka. Aliupenda mstari ule hata akaukuza ukajaza kioo chote, na namba nyingine zikabaki nyuma yake.

"Umeona? Kimya."

"Taa ndiyo imenyamaza," alisema dada yake. "Sauti bado ipo."

"Dada, usiniroge."

"Ipo, mdogo wangu."

Wakafika mwanzo wa mpando. Jua lilikuwa kali, lami inang'aa kama imemwagiwa maji. Chiriku alitaka mvuto mmoja mrefu, gia ya tatu mpaka ya nne, kutoka chini mpaka kwenye kona ya machimbo, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Ndivyo gari litakavyokwenda kesho. Kama lina siri, litaitoa hapo.

"Usiachie mpaka nikwambie," alisema.

Dada akakaza mikono kwenye usukani. Akakanyaga.

Turbo ikapiga mluzi, boneti ikainuka kidogo, miti ya pembeni ikaanza kuungana. Mwanzoni hakuna kilichosikika ila ngurumo. Kisha chini ya ngurumo, ndani kabisa, kikaanza kitu kingine. Kikavu. Chepesi. Kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha, hataki kuamsha nyumba nzima.

Tuseme ukweli: na yeye alikisikia. Kilimwingia sikioni. Lakini mdomo ulikuwa umeshasema ni mipira, umesema mara mbili, na ulimi wa Chiriku haukuwa na gia ya kurudi nyuma. Akaukazia macho mstari wake. Umenyooka. Taa haiwaki. Mipira.

"Inagonga," alisema dada.

"Kanyaga!"

"Inagonga, nasema!"

"Kanyaga, dada, usiachie! Bado kidogo!"

Kona ya machimbo ilikuwa inakuja mbio, lori limechungulia juu yake likishuka, na ule ukucha sasa ulikuwa ngumi. Dada akaachia. Hakuachia nusu, aliondoa mguu wote, akakanyaga klachi, akazima injini, akaliacha gari liteleze mpaka ukingoni. Lori likawapita likipiga honi. Kokoto zikalia chini ya magurudumu, kisha kukawa kimya, joto tu likitiririka kutoka kwenye boneti.

"Nimekwambia usiachie!"

"Na mimi nimeachia."

"Tulikuwa tumebakiza mita chache! Angalia mstari huu, angalia! Umepigwa rula!"

"Mstari siujui. Mimi injini naisikia mgongoni. Inagonga."

"Kompyuta inasema haigongi!"

"Kompyuta inasema ulichoiambia iseme."

Chiriku akafungua mlango, akashuka, akaubamiza. Pikapu ilikuwa imesimama nyuma yao na shemeji mtu anashuka akiuliza kulikoni.

"Lete sanduku," Chiriku alimwambia. "Injini ikigonga, plagi za cheche huonyesha. Nazichomoa nimwonyeshe mke wako kwa macho yake, tumalize ubishi. Plagi haina dada wala shemeji."

Boneti ikafunguliwa. Moto ulimpiga usoni. Akazungushia kitambaa mkononi, akaingiza spana ndefu kwenye silinda ya kwanza, akaifungua plagi na kuiinua kwenye mwanga. Ilikuwa safi. Akamwonyesha dada yake kwa mkono ulionyooka, kama refa mwenye kadi. Ya pili, safi. Alikuwa ameanza kutabasamu. Ya tatu, safi. Akachomoa ya nne.

Kwenye kauri nyeupe ya plagi ile palikuwa na vipunje. Vidogo mno, vinang'aa kijivu, kama chumvi iliyonyunyizwa na mtu bahili. Chiriku akaigeuza. Akaigeuza tena. Upepo ulipita, karatasi ikaburuzika barabarani.

Hakusema neno.

Shemeji yake akamtazama, akamtazama mkewe, akarudi kwake. "Mbona kimya? Shemeji? Sema basi, hata utukane!"

"Hizo ni nini?" aliuliza dada. Alikuwa ameshuka, amesimama mikono kiunoni, lakini sauti yake haikusimama imara hivyo.

"Pistoni," alisema Chiriku.

"Pistoni kwenye plagi?"

"Imeanza kuyeyuka. Hizi ni chembe zake."

"Imekufa?"

Hakujua. Akaenda kwenye sanduku, akatoa kipimo cha mgandamizo, saa ya mviringo yenye mpira mrefu. Unakifunga kwenye tundu la plagi, mtu anapiga stata, na mshale unakuonyesha kama silinda bado inaweza kubana hewa au imetoboka. Alikata petroli isiingie, akafunga kipimo kwenye silinda ya kwanza. Vidole vyake, vilivyozoea kuchapa bila kutazama, vilikosea uzi wa skrubu mara mbili.

"Piga stata, dada."

Injini ikajikokota, huf, huf, huf. Mshale ukapanda, ukasimama juu. Nzima. Ya pili ikafika palepale. Ya tatu pia. Hakuna aliyepongeza. Chiriku akahamishia kipimo kwenye ya nne, akakaza, akafuta jasho na bega.

"Piga."

Huf. Mshale ukaruka kidogo. Huf. Ukapanda, ukasita. Shemeji mtu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Huf. Ukapanda tena, polepole kama mgonjwa anayepanda ngazi. Huf. Ukasimama chini ya wenzake, unywele tu.

Chiriku akautazama kama utashuka. Haukushuka.

"Inaishi," alisema, akaketi juu ya sanduku. "Imeng'atwa, haijatobolewa. Ungekanyaga mpaka kwenye kona ile..."

"Ungeniambia ni mipira," alisema dada yake.

Hapo alikuwa amepatikana, na alijua. Lakini kazi haikuwa imekwisha: injini haigongi kwa uchawi. Akaichukua laptopu, akaukunja ule mstari wake mzuri, na nyuma yake ikajitokeza namba ya joto la hewa inayoingia kwenye injini. Ilikuwa imerekodiwa muda wote. Asubuhi juu ya rola hewa ile ilikuwa vuguvugu. Hapa kwenye mpando ilikuwa kama imetoka tanurini. Akainuka, akazunguka mbele, akapenyeza mkono nyuma ya ubao wa manjano kukigusa kipozeo.

"Yalaa!" Akauchomoa akiutikisa.

Wote watatu wakautazama ubao. Ubao nao ukawatabasamia, tairi limekumbatiwa.

"Shemeji," Chiriku alisema taratibu, "huu ubao uliufunga kwa nini?"

"Kwa skrubu."

"Nauliza sababu!"

"Sababu si ya matangazo? Kwani ubao umefanya nini?"

"Umeziba pua ya gari! Kipozeo hakipati upepo, hewa inaingia imechemka, petroli inalipuka kabla ya wakati. Umelivalisha gari blanketi jua kali ukaliambia likimbie!"

"Aa, kwa hiyo mimi ndiye muuaji?" Sauti ya mnada ilipanda. "Ubao uliuona! Ukanywa chai mbele yake! Ukanicheka mpaka ukalia! Mimi nauza matairi, mambo ya pua nitayajuaje? Na hilo sikio mnalolisifu, halikusema?"

Chiriku akafungua mdomo.

"Lilisema," dada akamjibia. "Lilisema, akalinyamazisha. Nikasema mimi, akaninyamazisha mimi. Sijui alitaka aambiwe na nani, polisi?"

Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walishamaliza. Na Chiriku, aliyekuwa na jibu la kila mtu, alisimama akiupuliza mkono wake ulioungua.

"Dada, nimekosa," alisema mwishowe. "Sina cha kuongeza."

"Basi usiongeze. Rudisha sikio lake."

Akaketi ukingoni, akalirudishia sikio usikivu wake wote, na safari hii hakuukuza mstari wowote. Pistoni ilikuwa imeng'atwa, kwa hiyo alichelewesha cheche kidogo na kupunguza nguvu ya turbo, ibaki ya kumtosha mtu anayetaka kufika tu. Alimwambia dada yake kila alichogusa kabla hajakigusa. Alipomaliza, kilibaki kitu kimoja tu, na hicho hakikuwa kwenye laptopu.

"Ubao unatoka," alisema.

"Hautoki," alisema shemeji yake.

"Shemeji, umeona plagi."

"Nimeona. Si umepunguza nguvu? Punguza na nyingine. Wewe si fundi? Ubao ubaki, gari lipande taratibu."

"Naweza," Chiriku alikiri, maana siku hiyo hakuwa na ujasiri wa kudanganya tena. "Lakini atapanda kama anayepeleka mayai sokoni. Na mpando wote mrefu, jua hili, siwezi kukuahidi kitu."

"Mayai yakifika salama kuna ubaya gani? Mke wangu, sikia. Nimewaambia wateja wote. Majirani wa duka wanakuja kutazama. Nimepatana na mpiga picha asimame kwenye kona ya mwisho!"

Mumewe alipoitaja kona ya mwisho, dada alimtazama. Kisha akaenda kwenye sanduku, akachagua bisibisi, akapiga magoti mbele ya gari na kuanza kufungua. Skrubu ya kwanza ikadondoka kwenye kokoto.

"Ngoja, ngoja kwanza!" Mumewe alichutama kando yake, jasho linamtoka, nusu anabembeleza, nusu anagomba. "Tuelewane kama watu wazima. Ubao ukitoka, mlima mzima watu watajuaje hili gari ni la nani?"

Dada akafungua skrubu ya mwisho, akamwekea ubao mapajani, picha ikimtazama mwenye picha.

"Likifika juu, wataulizana wenyewe ni la nani. Lisipofika, unataka sura yako ndiyo iwapungie mikono nyuma ya trekta?"